Mwezi Niliompunguzia Mwanangu

Kama una mimba ya tatu na unajiona fundi, sogea karibu tuzungumze. Mimba ya kwanza unaiogopa. Ya pili unaiheshimu. Ya tatu unaichukulia kama mteja wa kila siku: unajua atakuja, unajua atasema nini, hata kitini humwinukii. Hapo ndipo nilipokosea. Naandika haya nikiwa mzima, na aliyenilaza hospitali anakimbiza kuku uani sasa hivi, kwa hiyo usisome kwa hofu. Soma kama mtu anayesikiliza bei kabla hajanunua.

Ninauza mitumba ya watoto sokoni Newala. Nguo za watoto zina lebo, lakini lebo huandikwa na watu ambao hawajawaona watoto wetu, kwa hiyo mimi hupima kwa macho. Mama akiniambia mwanawe ana mwaka, namwangalia mtoto kwanza. Na bando likifunguliwa nahesabu mara mbili, maana hesabu ya kwanza ni ya tamaa, ya pili ndiyo ya kweli. Watoto wangu wawili, Salma aliyekuwa na miaka sita na Athumani aliyekuwa na mitatu, nao nilikuwa nawahesabu mara mbili kabla ya kufunga mlango, kana kwamba wangeweza kuzidi.

Huku kwetu mimba haitangazwi. Inaachwa ijitangaze yenyewe. Mimi nilikwenda mbele zaidi: nilimficha mama mkwe wangu, Bibi Salma, anayekaa Chilangala kwenye mikorosho yake. Sikumficha kwa ubaya. Nilijua akijua tu atanikataza kubeba mabando, na msimu wa korosho ulikuwa unakuja. Msimu huo ndio watu wa huku wanawavisha watoto. Muuza nguo akikalishwa msimu wa korosho, afadhali aambiwe afunge kabisa.

Tatizo ni kwamba nyumba yenye mama mkwe haihitaji kalenda. Kwa wasioujua mwiko wetu: mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi kwenye chungu. Atachambua kisamvu, atakitwanga, atakipika, lakini chumvi atatia mwingine. Kwa hiyo mwenye chungu chake anajua mwezi wa kila mwanamke wa nyumbani, na hauulizi.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba tulikuwa Chilangala kupuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho, mara ya kwanza kwa mwaka ule. Salma alikuwa likizo, kesho yake arudi shule. Nilikuwa katika siku zangu. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, nisaidie chumvi," akatia. Hiyo ilikuwa ya kweli.

Mwezi wa nane tukarudi kupuliza tena. Safari hii siku zangu zilikuwa zimepitiliza, na harufu ya salfa, ambayo nimekua nayo, ilinigeuza tumbo mpaka nikajifanya natafuta kuni ili nikatapike mbali. Niliporudi jikoni nikaona mama mkwe ananitazama. Nikaitoa sauti ileile: "Mama, nisaidie chumvi." Akatia bila kusema neno. Nikajiona mjanja sana. Nimenunua ukimya wa mwezi mzima kwa kijiko cha chumvi ambayo hata si yangu.

Msimu ulikuwa mzuri. Mabibo yalianguka chini ya mikorosho mpaka njia zikanukia, watu wakavisha watoto, nami nikabeba mabando yangu chini ya magauni mapana. Nilipofika kliniki mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, mvua zimeanza, mimba ina miezi mitano.

Benchi la kliniki linafundisha kuliko shule. Waliokuwa mbele yangu walikuwa wawili. Wa kwanza alitaja miezi mitatu, akapewa kadi na tabasamu. Wa pili alitaja mitano, akapewa kadi na hotuba ambayo hata sisi tuliokaa nje tulitubu.

"Na wewe Mama Salma," nesi akaniuliza, "hedhi ya mwisho lini?"

Nikafanya ninalolifanya kila siku. Nikapunguza. Nikataja mwezi wa nane badala ya wa saba, halafu kwa mazoea ya sokoni nikaongeza punguzo la wiki moja juu yake. Nesi akanigusa tumbo, akapima kwa futi yake, akasema, "Sawa, inalingana." Nikatoka nikijisifu kwamba hata tumbo langu linajua kunyamaza. Sikujiuliza kwa nini tumbo la miezi mitano linalingana na uongo wa miezi minne.

Mwezi wa kwanza nilianza kuvimba. Pete ilikataa kutoka. Ndala zikaniacha alama kama kamba ya mzigo. Uso ukajaa, na sokoni kila mtu akawa na neno.

"Mama Salma, mimba imekukubali," alisema jirani yangu anayeuza dagaa.

"Imenikubali mpaka miguu," nikamjibu.

Mume wangu, Baba Salma, ambaye maneno yake ya siku nzima yanaenea kiganjani, alinitazama asubuhi moja nikiwa najaribu kufumba mkono, akasema, "Huko si kunenepa." Nikamwambia akachote maji. Mvua ilikuwa imejaza pipa la chini ya bati, na huku Newala ukipata maji ya mvua huachi kazi ya kuyahamisha kwa sababu ya pete. Lakini wiki iliyofuata kichwa kiliuma siku tatu bila kupumzika, na nikawa naona vimulimuli mchana kweupe. Kliniki walinipima presha mara moja, wakaipima tena. Walipopima mara ya pili nikajua hesabu ni mbaya. Mimi hurudia hesabu kwa tabia, wao hurudia kwa sababu.

Wakanipa rufaa kwenda hospitali kubwa upande wa Masasi siku ileile. Salma na Athumani walipelekwa Chilangala na fulana zilizokuwa bado mbichi kwenye kamba. Sikuwaaga vizuri. Nilidhani naenda siku mbili.

Nililala kule siku kumi na mbili kabla ya kujifungua. Daktari wetu alikuwa kijana mpole kutoka mikoa ya juu. Alisoma kadi, akaangalia mashine ya picha, akasema, "Mama, kwa kadi hii una wiki ishirini na saba. Mtoto bado mchanga sana. Tutakupa dawa za presha na sindano za kumkomaza mapafu, tumvutie siku. Kila siku anayokaa ndani ni faida yake."

Wiki ishirini na saba. Mimi nilijua ni thelathini na mbili. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kikapu, na nikifungua ule mwezi nafungua na chumvi. Halafu nikajipa hoja ya kibiashara: daktari anadhani mtoto ana wiki chache, kumbe anazo tano za ziada. Basi ni akiba. Akifichiwa akiba mtu ataongeza uangalizi. Nikajilaza kwa ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa, nimeridhika.

Nikizikumbuka zile siku sasa, ni ajabu, nazikumbuka kwa hamu. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri juu ya bati mpaka mtu aliyeugua anashindwa kujisikia akiugua. Kitanda cha pili alikuwepo mwalimu mmoja wa Chidya, mimba yake ya tatu kama mimi, ila mbili za mwanzo hazikufika. Yeye hakujiona fundi wa kitu chochote. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini huku akisahihisha madaftari, na mimi nilisali nikiwa nimekaa kitandani, na tukagawana kila kilicholetwa. Mama mkwe alikuwa amefikia kwa ndugu pale Masasi, watoto amewaacha na baba yao. Alikuja kila siku na uji, au ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, akinipaka mafuta miguuni kwa mikono migumu kama magome. Tulicheka sana. Sijui tulicheka nini.

Simu ndiyo iliyokuwa inaniumiza. Salma alikuwa anapokea kama karani. "Shikamoo mama. Sisi wazima. Athumani hataki kuongea." Nyuma yake ninamsikia Athumani akisema kwa utulivu kabisa, "Mwambie sipo."

Nesi alikuwa ametuagiza tuhesabu mtoto anavyocheza. Asubuhi, baada ya uji, hesabu mpaka kumi, angalia imechukua muda gani. Kazi hiyo nilipewa mimi, na mimi nikaifanya mara mbili. Siku za kwanza, mara kumi zilifika kabla uji haujapoa tumboni. Wiki ya pili zikaanza kuchelewa. Siku ya kumi na moja nilihesabu mpaka Mwalimu akamaliza rundo la madaftari ya darasa zima, nikapata saba. Nikahesabu tena. Saba ikawa sita.

Siku hiyohiyo daktari alitupima wote wawili kwa mashine. Kwa Mwalimu akasema, "Wiki thelathini na nne, kilo mbili na kidogo. Vizuri." Akaja kwangu. "Wiki ishirini na tisa, kilo moja na robo. Kwa umri huu hana shida."

Akaondoka. Mimi nikabaki nimetazama dari.

"Mbona umenyamaza?" Mwalimu akauliza.

"Mwalimu, wewe hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?"

"Mwanzoni mwa mwezi wa saba. Kwa nini?"

Maisha yangu yote nimepima watoto kwa macho. Ukiniletea watoto wawili waliozaliwa wiki moja, mmoja gauni linambana, mwingine anaelea ndani yake, sitakuambia yule wa pili ni mdogo wa umri. Nitakuuliza anakula nini. Mtoto wangu hakuwa mchanga. Mtoto wangu alikuwa na njaa. Na kila siku daktari aliyomwongezea kwa wema wake, ilikuwa siku nyingine ya njaa, kwa sababu nilimpa kadi yenye bei ya uongo.

Nilimweleza Mwalimu yote, mpaka chumvi. Alisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi aliyechelewa, akaweka kalamu chini.

"Daktari anapita saa mbili asubuhi," alisema. "Usimngoje aanze. Anza wewe."

"Na mama mkwe?"

"Mama mkwe atabaki mama mkwe. Huyo wa tumboni ndiye sina hakika naye."

Asubuhi nilihesabu. Tano. Sikurudia.

Ndugu hutolewa nje daktari akipita, lakini siku ile mama mkwe alikuwa bado hajamaliza mguu wa pili, na nesi alimwachia amalize. Nikaona basi, limepangwa.

"Daktari, nina neno. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi si yenyewe."

"Si yenyewe kivipi?"

"Nilipunguza. Niliogopa kusemwa kwa kuchelewa. Toa wa nane, weka wa saba, mwanzoni kabisa. Mtoto ana wiki thelathini na nne kama wa Mwalimu. Na leo amecheza mara tano tu."

Alinitazama kwa upole wa mtu aliyewahi kudanganywa. "Mama, kulala hapa kunachosha, naelewa. Wiki iliyopita wawili wameniambia tarehe zao zimekosewa, ili watoke. Nikimtoa mtoto wa wiki ishirini na tisa kwa maneno, akashindwa kupumua, nitakuambia nini?"

Mama mkwe, kwa kutaka kunisaidia, ndiye aliyenimaliza. "Daktari, usimsikilize, amechoka tu. Mwezi wa nane alikuwa katika siku zake. Mimi shahidi. Chumvi nilitia mimi, kwa mkono huu."

"Chumvi?" daktari akauliza.

Nesi, ambaye ni wa huku, akamnong'oneza maelezo. Daktari akatikisa kichwa polepole, akashika kalamu kama mtu aliyepata ushahidi wa kutosha. Kadi ilikuwa imesema mwezi wa nane, tumbo limesema mwezi wa nane, na sasa chungu nacho kimesema mwezi wa nane. Nilikuwa nimefunga kila mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

"Mama," nikasema, namwangalia mkwe wangu machoni, jambo ambalo si adabu. "Ile chumvi ya mwezi wa nane ilikuwa ya uongo. Mimba ilikuwa tayari imeingia. Nilitaka usijue."

Mkono wake ulikuwa bado umeshika kisigino changu.

"Ya mwezi wa nane ya uongo?"

"Ya uongo, Mama."

"Na ya mwezi wa saba, siku ya kwanza ya salfa? Salma kesho yake anarudi shule?"

"Hiyo ya kweli."

"Nikakutilia chumvi bure."

"Bure, Mama."

Mwalimu alijifunika kanga usoni na kukohoa. Mama mkwe aliuachia mguu wangu, akajifuta mafuta kwenye pindo la nguo yake taratibu, kidole kimoja kimoja, akasimama.

"Daktari, andika wa saba," alisema. "Mtu hatungi uongo wa kumvua nguo mbele ya mkwewe."

Daktari alimtazama, akanitazama mimi, akaniuliza tena hesabu za wiki nzima za mtoto kucheza. Nikamtajia siku kwa siku, zote mbilimbili. Akaita mashine, akasikiliza moyo wa mtoto kwa muda mrefu, kisha akamwambia nesi waandae chumba cha upasuaji. Haikufika hata saa sita.

Mama mkwe alitembea pembeni ya kitanda cha magurudumu kimya mpaka kwenye mlango asiporuhusiwa kupita. Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

"Tutazungumza ukitoka," akasema. "Kwa hiyo utoke."

Nilitoka. Zainabu naye alitoka, kilo moja na gramu mia tatu, ngozi imelegea kama nguo ya kuazima, na sauti ya mtu mzima. Alilia mpaka daktari akacheka. Mtoto wa wiki ishirini na tisa, alisema, halii hivyo. Ule ndio ulikuwa wakati aliponiamini.

Hapo ndipo ilipoanza sehemu ninayoikumbuka zaidi. Wiki tatu tulimfunga Zainabu kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya kitenge, ili joto letu limkuze. Mimi nikichoka anabeba mama mkwe. Mama mkwe akienda kuswali anabeba Baba Salma, aliyekuwa amewaacha watoto Newala kwa jirani yangu wa dagaa. Siku ya kwanza alivua shati mbele ya wanawake tisa kwa aibu, akakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Baadaye ikawa haondoki. Presha yangu iliendelea kusumbua, miguu ikarudi kuwa yangu kidogo kidogo, mfupa wa kifundo ukaonekana siku ya tisa, nikawaita watu waje wauone. Mwalimu alijifungua katikati ya wiki hizo, mtoto wa kiume mzito, akamlaza kando ya wangu tulinganishe. Tulilinganisha tu.

Siku moja, mtoto akiwa kifuani kwake, mama mkwe akasema bila kunitazama, "Ulidhani nitakutoa sokoni?"

"Ndiyo, Mama."

"Ningekutoa kweli." Akamvutia mtoto kitenge. "Ningekutoa, ungenung'unika, na miguu yako ningeiona mwezi mzima kabla." Basi. Ndiyo mazungumzo yote tuliyoahidiana.

Tuliporudi Newala mbaazi zilikuwa zimepanda kunizidi kimo. Watoto walikuwa wamesimamishwa mlangoni, wameogeshwa, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Athumani alinitazama, akainamisha kichwa kwa heshima zote.

"Shikamoo," akanisalimia, kama mgeni wa baba yake.

"Marahaba, baba," nikasema. Ugonjwa wote ule, maneno mazito ya madaktari, hakuna lililonichoma kama ile shikamoo. Mama unayekwenda kulazwa, ujue hilo nalo lipo. Watoto hawakasiriki, wanakuzoea usipokuwepo. Ilimchukua siku nne kunipigia kelele tena, na siku aliyonipigia nilifurahi nikaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yangu.

Salma alimfunua mdogo wake, akahesabu vidole vya mikono na vya miguu. Akahesabu tena.

"Huyu mbona mdogo hivi?" Athumani akauliza. "Mrudishe, tuchukue mkubwa."

"Mkubwa hawakuwa naye," nikamwambia.

Akafikiri. "Basi akae kidogo tumwone."

Kwenda kliniki ya mtoto nilienda mwenyewe, kwa miguu, pumzi inanitosha kwa mara ya kwanza tangu msimu wa korosho. Dirishani alikuwa nesi yuleyule mwenye futi. Nilimweleza nilichofanya mwezi wa kumi na mbili. Sikutaka anisamehe, nilitaka ajue, kwa ajili ya atakayekaa kwenye lile benchi baada yangu. Akasema na yeye atajitahidi hotuba ziwe fupi.

Akachukua kadi ya Zainabu. "Mtoto ana umri gani?"

"Mwezi mmoja na siku kumi na mbili."

"Nitaandika mwezi mmoja tu," akasema. "Hizo siku si kitu."

"Hapana, sista," nikamwambia. "Ziandike zote."

Akaziandika. Nikaipokea kadi, nikazihesabu palepale dirishani, foleni nzima nyuma yangu ikinung'unika.